Siku ya Ushindi ya Warusi, tarehe 9 Mei: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwezi Mei video za vifaru vikikatiza katikati ya Moscow huzunguka kwenye simu, na maswali huja kwa mkupuo: wanashangilia nini miaka yote hii, wale vikongwe wenye nishani kifua kizima ni akina nani, na mbona watu wamebeba picha za marehemu? Hapa tumekusanya yale yanayorudi mara nyingi. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu swali lenyewe halina mengi.

Wanaadhimisha ushindi gani hasa?

Ushindi wa Umoja wa Kisovieti dhidi ya Ujerumani ya Hitler. Warusi huviita vita hivyo Vita Kuu ya Kizalendo, na huvihesabu kuanzia alfajiri ya 22 Juni 1941, Wajerumani walipovuka mpaka, hadi 9 Mei 1945. Ni siku 1,418. Ukitaja Septemba 1939, Poland ilipovamiwa, utaambiwa hiyo ni Vita Kuu ya Pili ya Dunia, habari nyingine. Hesabu hiyo ina manufaa yake, maana inauacha nje mkataba wa Agosti 1939, ambao Stalin, kiongozi wa Kisovieti, na Hitler waliahidiana kutoshambuliana na, kwa siri, wakagawana maeneo ya Ulaya Mashariki.

Hata hivyo, usiikimbilie hoja hiyo kabla hujatazama idadi ya waliokufa. Raia wa Kisovieti wapatao milioni 27 walipoteza maisha, na wengi wao hawakuwa askari. Wala hawakuwa Warusi peke yao: walikuwemo Waukraine, Wabelarusi, Wayahudi, Wakazakhi, Wageorgia, Watatari na wengine wengi. Nyumba ambayo haikufiwa ungeitafuta kwa tochi. Ndiyo maana tarehe 9 Mei hukuta watu wakicheka na kulia meza moja, na hakuna anayeona ajabu.

Mbona Ulaya Magharibi ni tarehe 8?

Ni suala la saa tu. Wajerumani walitia sahihi mara ya kwanza tarehe 7 Mei huko Reims, Ufaransa. Stalin hakuridhika, akataka shughuli ifanyike Berlin, palipoanzia balaa. Ikafanyika upya Karlshorst, mtaa wa Berlin, usiku wa tarehe 8, Jemadari Keitel wa Ujerumani akitia sahihi mbele ya Jemadari Zhukov wa Kisovieti. Mapigano yalitakiwa kukoma saa 5 na dakika 1 usiku kwa saa za Ulaya ya Kati. Moscow ilikuwa imeshaingia tarehe 9.

Imekuwa sikukuu kubwa tangu mwaka huo?

Hapana, na hili huwashangaza hata Warusi vijana. Gwaride la kwanza lilifanyika 24 Juni 1945, mvua ikinyesha. Zhukov alikagua vikosi akiwa juu ya farasi mweupe, na askari wakazitupa bendera 200 za Wajerumani chini ya kaburi la Lenin. Baada ya hapo, kimya. Kuanzia 1948 tarehe 9 Mei ikawa siku ya kazi kama nyingine, na ikabaki hivyo mpaka 1965. Sababu zinazotajwa ni nyingi: nchi ilikuwa magofu na ilihitaji mikono, na Stalin hakupenda majemadari wenye sifa zao wenyewe.

Walioumia zaidi katika miaka hiyo ni wale waliokatwa miguu. Wengi walisogea kwa vibao vya mbao vilivyofungwa beringi chini, wakijisukuma kwa mikono sokoni na kwenye vituo vya treni. Wanawake nao walikuwa na lao. Wanaotajwa kuhudumu jeshini ni wapatao 800,000: wauguzi, warusha ndege, wadunguaji, wapiga simu. Waliporudi kijijini walisemwa vibaya kwa kukaa na wanaume miaka minne, na wapo walioficha nishani zao sandukuni wasije wakakosa mchumba.

Brezhnev, kiongozi wa Kisovieti wa wakati huo, ambaye naye alikuwa vitani, ndiye aliyeirudisha sikukuu mwaka 1965, ushindi ulipotimiza miaka 20. Hata hapo gwaride la kijeshi halikuwa la kila mwaka: lilifanyika 1965, 1985 na 1990, likawa la kila mwaka kuanzia 1995. Silaha nzito zilirudi Uwanja Mwekundu, katikati ya Moscow, mwaka 2008. Kwa hiyo picha unazoziona leo, zinazoonekana za kale, ni utaratibu wa juzi tu.

Siku yenyewe huendaje?

Asubuhi gwaride Moscow, na magwaride madogo kwenye miji mikubwa. Wananchi wa kawaida hulitazama kwenye televisheni, kwa sababu Uwanja Mwekundu huingiwa kwa mwaliko. Kisha watu huenda kwenye mnara wa mji wao kuweka maua, na kila mji una mnara. Bustanini jeshi huleta majiko yake ya magurudumu na kugawa grechka, nafaka ya buckwheat, iliyopikwa na nyama ya kopo, chakula cha askari wa mstari wa mbele. Foleni huwa ndefu, japo grechka hiyohiyo ipo jikoni kwa kila mmoja wao.

Jioni televisheni na redio husimama kwa dakika moja ya ukimya, desturi iliyoanza 1965. Saa nne usiku fataki.

Ila sehemu ninayoiona nzito ni ile ya mezani nyumbani. Picha ya babu huwekwa mbele, kando yake glasi ndogo ya vodka iliyofunikwa kwa kipande cha mkate mweusi. Hiyo haiguswi na mtu. Glasi za wengine hugonganishwa mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu hunyanyuliwa watu wakiwa wamesimama, bila kugonganisha na bila neno, kwa ajili ya wasiorudi.

Maua ya kumpa mzee wa vita yana utaratibu?

Unao, na usiukosee. Aliye hai hupewa maua ya idadi isiyogawanyika kwa mbili: moja, matatu, matano. Kaburini na kwenye mnara hupelekwa mawili, manne, sita. Ukimpa kikongwe wa miaka 98 maua manne, umempelekea salamu za kaburini, hata kama hukukusudia. Maua yanayozoeleka ni kanesheni nyekundu.

Huyo mzee nimwiteje?

Kwa jina lake likifuatiwa na la baba yake. Mwaka mzima Warusi hawamwiti mtu mzima kwa jina tupu wakitaka kumpa heshima yake. Ni fulani bin fulani, kama tunavyosema pwani. Mwenye jina Ivan, mtoto wa Pyotr, ni Ivan Petrovich. Watoto wa shule humpa maua na kusema „spasibo“, yaani asante, na mara nyingi hiyo inatosha. Usimshike nishani kifuani kwa udadisi. Na usivae nishani za babu yako hata kama ni zako kwa urithi. Anayezivaa ni aliyezipata. Za marehemu hubebwa kwenye kitambaa au hubaki nyumbani.

Kwa nini nishani zao ni nyingi hivyo?

Kwa sababu nyingi ni za kumbukumbu. Ushindi ulipofikisha miaka 20, 30, 40, 50, 60, 65, 70, 75 na 80, wote waliopo walipewa nishani mpya. Wenyewe hujua tofauti. Mzee atakuonyesha kwa kidole ile moja iliyochakaa, pengine nishani ya „Ushujaa“, na nyingine zote atazipita.

Nani anahesabiwa mkongwe wa vita, na wamebaki wangapi?

Sheria ya mwaka 1995 inataja makundi kadhaa. Wapo waliopigana, na wapo walemavu wa vita. Wapo pia waliofanya kazi nyuma ya mstari wa vita kwa miezi isiyopungua sita, viwandani na mashambani, wengi wao wakiwa watoto wakati huo. Waliokuwa ndani ya jiji la Leningrad (leo St. Petersburg) lilipozingirwa wana hadhi yao, na waliofungwa utotoni kwenye kambi za Wanazi wana yao.

Waliobeba bunduki wamebaki elfu chache katika nchi nzima. Kizazi cha mwisho kuitwa jeshini ni cha waliozaliwa 1927, kwa hiyo ukiacha watoto yatima waliookotwa na kulelewa na vikosi, mdogo wao sasa anakaribia miaka 100. Hapa ndipo maadhimisho yanapobadilika sura. Zamani wakongwe walikutana tarehe 9 Mei mbele ya ukumbi wa maonyesho wa Bolshoi, Moscow, kila mmoja na kibao chenye namba ya kikosi chake, akitafuta sura anayoifahamu. Mwaka hadi mwaka akawa anasimama mmoja na kibao chake, hana wa kumwitikia. Siku hizi uwanja huo una wajukuu wengi kuliko wenyewe.

Mwaka 2020, korona ilipofunga kila kitu, likazuka jambo ambalo mimi nalipenda kuliko gwaride kubwa. Bendi ya jeshi ilienda uani kwa mzee mmoja mmoja, chini ya dirisha la ghorofa anakoishi, ikapiga nyimbo za vita. Yeye alisimama barazani kwake na koti la nishani, pengine juu ya pajama, akapokea saluti. Majirani wakipiga makofi madirishani. Utaratibu huo umeendelea, kwa kuwa wengi hawawezi tena kushuka ngazi.

Serikali huwapa nini?

Pensheni ya nyongeza, matibabu, nafuu ya bili, na fedha za sikukuu. Ushindi ulipofikisha miaka 75, mwaka 2020, waliopigana walipewa rubli (fedha ya Urusi) 75,000 kila mmoja. Mwaka 2025, kwa miaka 80, ikawa rubli 80,000. Karibu na tarehe 9 Mei husafiri bure na kupiga simu bure. Amri ya Mei 2008 ilielekeza kila mkongwe asiye na makazi ya kufaa apewe nyumba.

Malalamiko hayakukosekana. Januari 2005 serikali ilipoondoa usafiri wa bure na huduma nyingine za wazee ikaweka fedha mahali pake, vikongwe waliingia barabarani miji mingi, kwenye baridi ile, mpaka serikali ikalegeza. Na ule mpango wa nyumba wengine waliusubiri wakafa kabla ya ufunguo kufika.

Zile picha za marehemu zilianzaje?

Zilianza Tomsk, mji wa Siberia, mwaka 2012. Waandishi wa habari watatu wa kituo cha TV2 waliona wakongwe wanaisha na gwaride linabaki la vyeo na vifaru. Wakawaambia watu: njoo na picha ya babu yako au bibi yako aliyepigana, uibebe, uandamane. Wakaliita Kikosi Kisichokufa. Masharti yalikuwa machache na makali: hakuna bendera za vyama, hakuna nembo za kampuni, hakuna mwanasiasa wa kujipigia debe. Mwaka huo wa kwanza walijitokeza maelfu kwenye mji huo mmoja.

Miaka mitatu baadaye, Mei 2015, Moscow peke yake walitembea watu wapatao nusu milioni, na Rais Putin mbele akiwa na picha ya baba yake. Serikali ilikuwa imelichukua. Waanzilishi walinung'unika kwamba kitu cha familia kimegeuzwa cha ofisi, na kituo chao cha TV2 chenyewe kilikuwa kimeshazimwa hewani. Bado, ukitazama nyuso za waandamanaji huoni ofisi: unaona mama ameshika fimbo yenye picha ya kijana wa miaka 19, mjomba wake ambaye hakuwahi kumwona.

Mwaka 2023 matembezi yalisitishwa kwa sababu zilizotajwa kuwa za usalama. Watu wakaambiwa wabandike picha kwenye gari, kwenye nguo, au mtandaoni.

Na ule utepe wa chungwa na nyeusi?

Ni utepe wa Mtakatifu Georgi, rangi za nishani ya enzi za wafalme iliyoanzishwa 1769. Wasovieti wakazirudia rangi hizo kwenye nishani ya Utukufu mwaka 1943. Kuugawa barabarani kulianza 2005. Baada ya 2014 ukawa pia alama ya wanaounga mkono Moscow huko Ukraine, na Ukraine ikaupiga marufuku mwaka 2017. Ukisafiri nchi za jirani ya Urusi, uache nyumbani.

Kaburi la Askari Asiyejulikana ni la nani?

Ni la askari mmoja aliyetolewa kwenye kaburi la pamoja karibu na kilomita ya 41 ya barabara ya Leningrad, mahali Wajerumani walipozuiwa wasiingie Moscow. Alizikwa upya 3 Desemba 1966 kwenye bustani ya Aleksandr, pembeni ya ukuta wa Kremlin. Moto usiozimika uliwashwa hapo Mei 1967, ukiletwa kutoka Leningrad. Maandishi yanasema jina lako halijulikani, ushujaa wako haufi. Walinzi hubadilishana kila saa. Watalii hukusanyika kuwatazama. Tangu 2014 tarehe 3 Desemba ni siku ya kumkumbuka askari asiyejulikana.

Mbona hadi leo wanachimbua mifupa?

Kwa sababu askari wengi sana waliachwa pale walipoangukia. Kila mwaka kuanzia majira ya kuchipua vikundi vya kujitolea huingia misituni karibu na Rzhev, Novgorod na St. Petersburg na vifaa vya kutafutia chuma. Wanafunzi wa vyuo, walimu, mafundi. Wanalala kwenye mahema, wanachimba topeni.

Wanachokitafuta zaidi ni kichupa kidogo cheusi chenye kifuniko cha kuzungusha. Askari walipewa, ndani yake kikaratasi cha kuandika jina, mwaka wa kuzaliwa na anwani ya nyumbani. Wengi hawakuandika kitu. Waliamini anayejaza karatasi hiyo amejiitia kifo. Wengine walitia sindano au tumbaku. Novemba 1942 vichupa viliondolewa kabisa, na ndipo waliokufa baadaye wakazidi kuwa vigumu kutambulika. Kikifunguliwa kimoja chenye karatasi iliyokauka vizuri, anwani ikasomeka, simu hupigwa, na mtoto wa miaka 85 anaambiwa baba yake amepatikana. Hifadhi za mtandaoni za Wizara ya Ulinzi, moja iliyofunguliwa 2007 na nyingine 2015, zimewawezesha watu wengi kumtafuta ndugu yao bila kumuuliza afisa yeyote.

Kwa nini St. Petersburg wana siku yao, 27 Januari?

Jiji hilo, enzi hizo Leningrad, lilizingirwa kuanzia 8 Septemba 1941 hadi 27 Januari 1944. Siku 872. Waliokufa, wengi kwa njaa, wanakadiriwa kati ya laki 6 na zaidi ya milioni 1. Kati ya 20 Novemba na 25 Desemba 1941, mtoto, karani na mzee asiyefanya kazi walipata gramu 125 za mkate kwa siku, na mkate wenyewe ulichanganywa na vitu visivyoliwa. Kila Januari kipande cha uzito huo hupimwa na kuonyeshwa watoto wa shule. Hakuna hotuba inayofanya kazi ile.

Vipaza sauti mitaani hutoa mlio wa metronomu, kifaa kinachogonga kama saa, kwa sababu wakati wa mzingiro redio ilipokuwa haina matangazo ndiyo iliyosikika: polepole kukiwa shwari, haraka ndege za adui zikija. Aliyejua kuwa redio inagonga alijua jiji bado lipo.

Na kwenye makaburi ya Piskaryovskoye wamezikwa watu wapatao 490,000. Hakuna majina. Ni matuta marefu ya majani, na jiwe lenye mwaka tu: nyota kama ni askari, nyundo na mundu kama ni raia. Wenyeji huacha juu ya jiwe kipande cha mkate, peremende, biskuti.

Nikifika Urusi niende wapi?

Piskaryovskoye kwanza, kwa maoni yangu. Kama una siku za ziada, Volgograd, Stalingrad ya zamani: kwenye kilima cha Mamayev kuna ngazi 200, moja kwa kila siku ya mapigano, na juu yake sanamu ya mama mwenye upanga, urefu mita 85, iliyozinduliwa 1967. Moscow kuna bustani ya Ushindi kilimani Poklonnaya, mnara wa mita 141.8, sentimita 10 kwa kila siku ya vita. Rzhev kuna askari wa shaba wa mita 25 aliyezinduliwa 2020, ambaye kuanzia kiunoni anageuka kundi la korongo wanaoruka.

Vita vya Ukraine vimebadili nini?

Vimebadili mengi. Hotuba za tarehe 9 Mei sasa zinaunganisha vita vya 1941 na vya leo, askari wa Urusi waliopigana Ukraine huandamana Uwanja Mwekundu, na sheria imewapa nao hadhi ya wakongwe. Mwaka 2023 kifaru kilichopita ni kimoja tu, T-34 cha enzi za Stalin, na miji kadhaa ikafuta magwaride. Ukraine, iliyopoteza mamilioni katika vita vilevile, mwaka huohuo ilihamishia kumbukumbu yake tarehe 8, nayo hutumia ua jekundu la poppy.

Kusema ovyo kuhusu jambo hili ndani ya Urusi ni hatari: tangu 2021 kumtukana mkongwe au kumbukumbu ya walinzi wa nchi kunaweza kukupeleka jela hadi miaka mitano. Wapo Warusi wanaochukizwa na sherehe hizi. Wazee waliorudi vitani walikuwa na usemi wao mezani, „lolote liwe, ilimradi vita visiwepo“. Nyuma ya magari ya vijana ukaja usemi mwingine, „tunaweza kurudia“. Aliyewahi kukaa na hao wazee hahitaji kuelezwa upi ungewaudhi.

Waafrika wanahusika vipi?

Kwenye mapigano ya Urusi, kwa nadra. Askari wetu wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipigana vita hivyohivyo kwingine: Ethiopia dhidi ya Waitaliano, Madagaska, Burma. Siku hizi viongozi wa Afrika hualikwa jukwaani; mwaka 2025 walikuwepo Traoré wa Burkina Faso, Mnangagwa wa Zimbabwe na Sisi wa Misri, na askari wa Misri waliandamana. Wanafunzi wa Afrika Mashariki walioko vyuo vya huko huona sikukuu hii kwa macho yao.

Naweza kulitazama gwaride nikiwa Dar es Salaam au Nairobi?

Ndiyo, na saa zetu ni moja na za Moscow. Huanza saa nne kamili asubuhi, na vituo vya Urusi hulirusha moja kwa moja mtandaoni. Huchukua kama saa nzima. Ukikosa muda, usihangaike na makombora. Tazama dakika za mwanzo, kamera inapopita safu ya wazee waliofunikwa blanketi magotini.